Kupandikiza jino: nini cha kuuliza na kufanya, toka kung'oa hadi taji

Mwaka 2017 niling'olewa gego la chini, upande wa kulia. Nililipa, nikapewa pamba ya kung'ata, na mchana uleule nilikuwa kazini. Hakuna aliyenitajia mfupa. Pengo la nyuma halionekani ukicheka, basi nikaliacha likae. Miaka mitatu baadaye, nimechoka kutafunia upande mmoja, nikaenda kwa daktari mwingine kuulizia jino la kupandikiza. Aliiweka picha kwenye kompyuta, akapima kwa mstari mwekundu, akanigeukia: "Kaka, pengo unalo, ila mfupa wa kupandia umebaki kama ukingo wa sahani."

Tangu siku hiyo kila anayeniuliza namjibu hivi: shughuli yote hii ni ya mfupa. Jino utakaloliona kwenye kioo huja mwisho, na ndilo jepesi. Ukiulizia mfupa kila hatua, hutapotea sana.

Unachonunua

Kipandikizi, ambacho madaktari wengi wanakiita implanti, ni skrubu ndogo ya titani inayozamishwa ndani ya taya mahali pa mzizi uliotoka. Mara nyingi ina urefu wa milimita 8 hadi 13, na unene wa milimita tatu na kitu hadi tano. Juu yake hufungwa kiungo kinachotokeza kwenye fizi, na juu ya kiungo hukaa taji, yaani jino lenyewe la kutafunia. Vitu vitatu, na mara nyingi bei tatu. Wapo waliolipia cha kwanza wakidhani wamemaliza.

Kinachofanya titani ishike ni ajabu iliyogunduliwa kwa bahati. Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza damu inavyotembea ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia vyombo vya titani. Alipotaka kuvitoa, havikutoka. Mfupa ulikuwa umeota na kuvikumbatia. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson. Larsson alifariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40 baadaye, vipandikizi vikiwa bado vinatafuna. Hakuna gundi wala saruji inayoshika skrubu hiyo. Ni mfupa wako mwenyewe ukikubali.

Kabla hujang'oa

Kama jino bado lipo, uliza kwanza kama linaweza kutibiwa mzizi na kuvishwa taji. Jino lako bovu lililotibiwa vizuri ni bora kuliko titani safi, na kwa kawaida ni nafuu zaidi.

Likiwa halina budi kutoka, sema mapema kwamba unafikiria kupandikiza. Neno hilo moja linabadilisha namna ya kung'oa. Badala ya kulitikisa na kulivuta hadi ukuta wa mfupa uvunjike, daktari anaweza kulikata gego vipande na kutoa mzizi mmoja mmoja. Anaweza pia kulijaza shimo kwa chembe za mfupa ili lisibonyee. Mfupa usio na jino huona hauna kazi, ukaanza kujiondokea: katika mwaka wa kwanza upana wake unaweza kupungua kama nusu, na sehemu kubwa ya hasara hiyo ni ya miezi mitatu ya mwanzo. Wakati huohuo jino la jirani linaanza kuinamia pengo, na la juu yake linashuka kutafuta mwenzake. Langu la juu lilishuka kiasi cha kuhitaji kusuguliwa baadaye ili taji lipate nafasi.

Mapengo mengine kwetu yana historia ndefu kuliko hiyo. Wazee wa Kiluo waliotolewa meno sita ya mbele ya chini wakiwa vijana wamekaa na pengo hilo miaka hamsini, na mfupa wa hapo huwa umekonda kweli. Habari njema ni kwamba meno sita hayahitaji skrubu sita. Mfupa ukitosha, vipandikizi viwili mahali pa chonge vinaweza kubeba daraja, yaani mataji yaliyoungana, la meno yote sita.

Pima njia nyingine, bila kuona aibu

Meno ya bandia ya kuvua ni ya bei ndogo na hayahitaji kisu. Ubaya wake ni kwamba yanakalia fizi, na mfupa chini yake unaendelea kwisha, ndiyo maana kila baada ya miaka michache yanaanza kucheza. Daraja nalo huning'iniza jino bandia katikati ya meno mawili yaliyosagwa na kuvishwa mataji. Kama majirani wa pengo tayari wana vizibo vikubwa na wanahitaji mataji, daraja ni jambo la busara. Kama ni mazima, mimi singekubali kuyasaga.

Kwa mzee asiye na jino hata moja chini, usikimbilie kuuza shamba ili apandikizwe taya zima. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walisema kwa mtu wa namna hiyo, meno ya kuvua yanayobanwa na vipandikizi viwili ndiyo yawe chaguo la kwanza. Skrubu mbili, vifungo viwili mfano wa vile vya shati, na seti haiogelei tena mdomoni akila mhogo. Ile njia inayotangazwa sana, ya skrubu nne zinazobeba meno yote ya taya, iliyoenezwa na daktari Paulo Malo wa Ureno, ni kazi nzuri ikifanywa na mwenye mkono, lakini gharama yake ni ya kiwango kingine.

Mwili wako

Hapa usifiche kitu. Mwenye kisukari anaweza kupandikizwa, mradi sukari iwe imetulia. Daktari ataomba kile kipimo kinachosoma miezi mitatu, na wengi hutaka kiwe chini ya asilimia 8, chini ya 7 ndiyo raha yao. Mvutaji sigara yumo kwenye hatari ya kupoteza kipandikizi karibu mara mbili ya asiyevuta. Kama huwezi kuacha kabisa, acha angalau wiki moja kabla na miezi miwili baada. Ugoro na tambuu hesabu humohumo, maana vinachoma fizi palepale unapotaka ifunge.

Taja dawa zote. Anayetumia au aliyewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa kama alendroneti au zoledroneti, au aliyepigwa mionzi kichwani na shingoni, taya lake linaweza kushindwa kupona, kwa hiyo hilo lisemwe kabla ya jambo jingine lolote. Anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa uamuzi wake. Daktari wa moyo na wa meno waongee. Fizi zinazotoka damu na usaha zitibiwe kwanza. Anayesaga meno usiku aseme, au mke wake aseme kwa niaba yake.

Kijana asubiri taya limalize kukua. Kipandikizi hakikui, kwa hiyo ukimwekea mtoto wa miaka 14, meno ya jirani yatateremka na lake litabaki limezama. Kwa kawaida ni baada ya miaka 18, na wavulana huchelewa zaidi. Nalisema hili kwa sababu nimekutana na vijana wasio na chonge kwa kuwa walipokuwa wachanga walichokolewa fizi ati wana "meno ya plastiki". Hayo hayakuwa maradhi. Yalikuwa meno ya utotoni yakijiandaa kuota, na aliyechokoa aliharibu pia ya ukubwani yaliyolala chini yake.

Picha, maswali na hela

Picha ya kawaida ya taya zima inaonyesha urefu wa mfupa lakini haionyeshi unene. Kwa unene inahitajika picha ya CT ya taya. Omba uonyeshwe vitu viwili. Taya la chini lina mshipa wa fahamu unaopita ndani ya mfupa na kutokea karibu na kidevu, nao ndio unaokupa hisia za mdomo wa chini. Kipandikizi kiishie angalau milimita 2 juu yake. Taya la juu, kwa upande wa magego, lina uwazi wa hewa unaoungana na pua. Sakafu yake ikiwa imeshuka, inabidi iinuliwe kwa kujazwa mfupa kwanza.

Mimi nami, ingawa langu ni taya la chini, ilibidi nijazwe mfupa. Hapo kuna swali ambalo madaktari wengi hawalianzi wenyewe: mfupa huo unatoka wapi? Unaweza kuwa wako, umekwanguliwa sehemu nyingine ya taya. Unaweza kuwa wa ng'ombe, uliosafishwa ukabaki chembe nyeupe kama chumvi ya mawe, au wa nguruwe, au wa binadamu aliyejitolea, au uliotengenezwa kiwandani. Na utando unaofunika chembe hizo mara nyingi hutokana na nguruwe. Kwa Mwislamu, Mhindu, au yeyote mwenye mwiko wake, huu ndio wakati wa kusema, kabla vifaa havijaagizwa. Vya kiwandani vipo, na hakuna daktari mwenye akili atakayekasirika.

Kuhusu hela: kwa shilingi za Tanzania, jino moja ni habari ya mamilioni, siyo malaki. Omba karatasi iliyoandika kila kitu mbalimbali: picha, kujaza mfupa kama upo, skrubu, kiungo, taji, jino la muda, na miadi ya kufuatilia. Uliza pia skrubu isiposhika wanarudia kwa gharama ya nani. Bima ikupe jibu la maandishi, usitegemee la mdomo la mtu wa mapokezi.

Hakiki kwamba daktari amesajiliwa. Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno la huko. Kisha muulize ameshapandikiza mara ngapi, na kama skrubu ikilegea baada ya miaka mitano atakuwepo nani. Uliza chapa. Straumann ya Uswisi, Nobel Biocare, Osstem ya Korea Kusini, zote ni za watu wanaojulikana, na vipuri vyake vinaagizika. Chapa isiyo na jina inaweza kushika vilevile. Shida inakuja siku unahitaji kiungo kipya na hakuna bisibisi duniani inayoingia kwenye skrubu yako. Kwa hiyo ukitoka, dai kadi yenye stika ya chapa, kipenyo, urefu na namba ya toleo. Anayefikiria kwenda kufanyiwa nje kwa safari moja, kadi hiyo aishike kama pasipoti.

Siku yenyewe

Kula kabla ya kwenda, kama ni ganzi ya kawaida tu. Mimi nilipewa dawa ya kusukutua kwa dakika moja, uso ukafunikwa kitambaa chenye tundu, kikaja kisindano cha ganzi. Baada ya hapo sikusikia maumivu. Nilichosikia ni mtetemo, mzito na wa taratibu, kama mtu anachimba kisima nyumba ya tatu. Mashine hii huzunguka mara 800 hadi 1,500 hivi kwa dakika, wakati ile kali ya kuchimbia jino bovu inapita laki tatu. Wanakwenda polepole kwa makusudi: mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja unaanza kufa. Ndiyo maana muuguzi alikuwa akimwaga maji ya chumvi bila kukoma, na mengine yakanishukia shingoni hadi kola ikalowa.

Tundu lilianza na keekee nyembamba, ikaja nene kidogo, ikaja nene zaidi. Kisha skrubu ikaingizwa, mwisho ikakazwa kwa mkono kwa spana ndogo yenye kipimo. Spana hiyo inapofika nguvu iliyowekwa inatoa mlio, tik. Daktari akasema "thelathini na tano", muuguzi akaandika. Nyuzi tatu, pamba, nimekwisha. Dakika hamsini, na sehemu kubwa ilikuwa maandalizi.

Wiki mbili za mwanzo

Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 juu ya shavu, pumzika, rudia, siku ya kwanza. Usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usichungulie kidonda kwa ulimi. Baada ya saa 24 anza kusukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi. Uvimbe hupanda siku ya pili na ya tatu, usishtuke. Dawa za maumivu kunywa kabla ganzi haijaisha, na za kuua vijidudu, kama umeandikiwa, zimalize. Kwa kuwa dawa hizo humezwa hata mchana, anayefunga Ramadhani apange miadi nje ya mwezi huo.

Chakula: uji, mtori uliopondwa sawasawa, ndizi mbivu, mayai, samaki asiye na miiba, vyote vikiwa vimepoa. Mtori ulinilisha siku tisa na sijalalamika.

Piga simu siku hiyohiyo kama damu haikomi, kama kuna homa, au kama mdomo wa chini na kidevu vimebaki na ganzi hadi kesho yake. Hilo la mwisho hasa lisisubiri Jumatatu. Huenda skrubu inakandamiza ule mshipa wa fahamu, na kuirudisha nyuma au kuitoa mapema ndiko kunakookoa hisia.

Kungoja

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Taya la chini hudai karibu miezi mitatu, la juu minne hadi sita kwa kuwa mfupa wake ni laini. Kilichonishangaza ni kwamba skrubu huwa imara siku ya kwanza kuliko wiki ya tatu au ya nne. Mwanzo inabanwa na mfupa wa zamani. Kisha mwili unaula ule uliojeruhiwa kabla haujaota mpya, na katikati hapo mshiko unapungua. Wiki hizo hizo maumivu yameshaisha, mtu anajiona amepona, anaalikwa nyama choma. Tafunia upande wa pili. Miwa, bisi, mahindi ya kuchoma na mirungi viache.

Pengo likiwa mbele utapewa jino la muda. Hakikisha halikandamizi kidonda na haligusani na meno ya taya jingine unapofunga mdomo. Ni la kupigia picha, si la kulia.

Taji

Daktari atapiga picha kuona mfupa umeshika, atafungua fizi kidogo kama ilikuwa imefunikwa, ataweka kiungo cha kuiunda fizi kwa wiki mbili hivi, kisha atachukua vipimo.

Halafu inakuja rangi. Mimi ni mtu wa Arumeru. Meno yangu yana kahawia ya floridi kama ya wengi tuliokulia maji ya miteremko ya Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na chemchemi nyingi za kwetu zinapita hapo kwa mbali. Daktari alitoa kadi yake ya vijino vya mfano, akapitisha kimoja kimoja kando ya jino langu, hakuna kilichofanana. Nikamwambia aweke jeupe tu. Akanishikisha kioo na kijino cheupe kuliko vyote: kiling'aa kama kipande cha kigae. Mwishowe fundi wa maabara ya meno aliniita mwenyewe, akanikalisha dirishani saa nne asubuhi, akachora kwenye karatasi mistari ya kahawia ya jino la jirani, na akaipaka kwenye taji kabla ya kulichoma tanuruni. Leo hata mimi huwa nahesabu ili nilijue. Kama unatoka Arusha, Kilimanjaro au kando ya Bonde la Ufa, omba fundi akuone kwa macho yake, mchana, kabla meno hayajakauka kwa kuachama.

Uliza taji litafungwa vipi. Kuna la kugandishwa na kuna la kufungwa kwa skrubu kupitia kitundu kinachozibwa juu. Pale inapowezekana mimi napendelea la skrubu: linafunguka likihitaji ukarabati, na hakuna gundi ya kusalia chini ya fizi ikaleta usaha.

Jino la asili limening'inia kwenye nyuzinyuzi zinazohisi hata punje ya mchanga kwenye wali. Kipandikizi hakina nyuzi hizo, kwa hiyo hakikuambii kwamba taji limezidi urefu. Ng'ata ile karatasi ya rangi mara nyingi kadiri daktari anavyotaka, na ukirudi nyumbani ukahisi jino hilo ndilo linalogusa la kwanza, rudi.

Kulitunza

Halitoboki, lakini mfupa unaolishika unaweza kuoza kwa uchafu uleule unaoharibu fizi, tena bila maumivu. Mswaki laini mara mbili kwa siku, na kila usiku uzi wa meno au kale kabrashi kembamba ka kupenyeza kati ya meno, kenye waya uliovikwa plastiki. Kijiti cha kiberiti, hapana. Muone daktari kila miezi sita, apige picha kila mwaka au miwili kulinganisha kimo cha mfupa na cha siku taji lilipofungwa.

Fizi ikitoka damu au kuvimba kuzunguka taji, nenda wiki hiyo. Taji likianza kucheza, acha kulitafunia na usilisukumesukume kwa ulimi. Mara nyingi ni skrubu ya kiungo tu iliyolegea, inakazwa kwa dakika kumi ile spana ikisema tik. Kikicheza kipandikizi chenyewe, kitatolewa, mfupa utaachwa upone kwa miezi kadhaa, na mara nyingi kingine huweza kupandwa palepale. Kwa vyovyote, nenda na ile kadi yenye stika. Bila hiyo daktari mpya anaanza kwa kubahatisha bisibisi.